Hadithi Niliyomvika Mama Sauda

Mwezi uliopita, katika soko la Arua, nilinusa utoto wangu. Mama mmoja alikuwa ametandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai, katikati ya muuza viatu na muuza samaki wakavu, na mimi nilikuwa napita tu na mfuko wangu wa nyanya. Samaki, jua na karatasi kuukuu vilikuwa vimechanganyika, ikatoka harufu ile ile ya katoni iliyokaa miaka mingi chini ya kitanda cha baba yangu kule Ediofe, pembeni ya mji. Nikatazama chini. Kulikuwa na kitabu cheusi, jalada limeliwa pembeni, na namba saba kubwa nyekundu katikati yake. Nilisimama pale mpaka yule mama akaniuliza, "Mwalimu, iko kitu unatafuta?"

Nikasema hapana. Halafu nikakinunua.

Nilipofika nyumbani nilikusudia kuandika jambo jepesi tu: kuzisifu hadithi nilizozipenda nikiwa mtoto. Nitazisifu, nakuahidi. Lakini nikikueleza uzuri wake bila kukueleza nilichozifanyia, nitakuwa nimekudanganya, na mimi nimeshadanganya vya kutosha kwa ajili ya vitabu hivi.

Vilikuwa vitabu vya hadithi fupi za kutisha, vya Kiingereza. Kila mwaka kilitoka kimoja, na kila kimoja kilikuwa na namba yake na kundi la waandishi wake. Baba alikuwa mtunza stoo katika shule moja ya misheni. Mwalimu mmoja mgeni aliporudi kwao, aliacha vitabu ambavyo hakuna aliyetaka viwekwe maktaba, kwa sababu majalada yake yalikuwa na mafuvu. Baba, ambaye hakuweza kuona karatasi ikichomwa, alivipakia katika katoni iliyowahi kubeba samaki wa Panyimur, kule ziwani, na kuvileta nyumbani. Tulikuwa na namba tatu, namba saba, namba nane na namba kumi na mbili. Nilipofika darasa la sita nilikuwa nimezisoma zote mara tatu au nne, huku nikinusa samaki.

Hadithi niliyoipenda kwanza ilikuwa ya kiti. Familia inahamia nyumba mpya na kukuta kiti cha mbao ambacho kila asubuhi kina joto, kama vile mtu ameinuka sasa hivi. Hakuna anayeonekana, hakuna anayekufa. Mwishoni mama mwenye nyumba anasema, "Leo kiti kimepoa," halafu wote wanasikia kitanda cha mtoto kikilia chumba cha pili. Basi, imekwisha. Kwa wiki nzima nilipapasa kila kiti kabla ya kukaa, hata mabenchi ya kanisani, mpaka mama akadhani nina jipu.

Ya pili ilikuwa ya tarishi anayepeleka barua katika nyumba iliyoungua. Hakuna anayeishi mle, lakini barua zina anwani ile, na yeye ni mtu wa kazi yake, kwa hiyo anazipenyeza chini ya mlango uliobaki. Siku moja anakuta barua inayomngoja yeye. Wenye nyumba wanamshukuru kwa uaminifu wake, na wanamuuliza hali ya binti yake, kwa jina. Niliipenda kwa sababu yule tarishi hakufanya kosa lolote. Katika hadithi nyingine watu walikuwa wakiadhibiwa kwa uchoyo au kiburi, lakini huyu alikuwa mwema tu, na ubaya ukamfuata mpaka kazini.

Ya tatu ilikuwa katika namba saba. Ilimhusu fundi cherehani aliyekuwa na futi ya ajabu. Kila alipompima mtu, futi ilirefuka kidogo, na maisha ya mtu yule yakapungua kwa kadiri ile ile. Fundi hakusema kitu. Alishona vizuri sana, na wateja wake walizikwa wakiwa wamependeza. Ninakiri kwamba mstari ule wa mwisho ulinichekesha, na mpaka leo bado naona umeandikwa na mtu aliyejua kazi yake.

Mwaka ule, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, nilipelekwa Koboko kwa shangazi yangu, dada yake baba. Nilibeba nguo mbili na namba saba.

Koboko haikunitaka. Watoto wa mtaa ule walizungumza Kikakwa nyumbani, Kinubi barabarani, na Kiswahili wanapotaka mgeni aelewe. Mimi Mlugbara wa Ediofe nilikuwa na Kiswahili cha kuombea chumvi tu. Kila jioni, saa kumi, tulipanga jerikeni zetu kwenye pampu ya maji, foleni ikawa ndefu, na wao wakacheka mambo nisiyoyajua. Nilipojaribu kusema kitu, msichana mkubwa aliyeitwa Zaituni alinirudia maneno yangu kwa sauti ya puani, na wote wakaanguka kwa kicheko.

Mtu wa kwanza aliyeongea nami kama mtu alikuwa jirani wa shangazi, Mama Sauda. Alikuwa Mnubi, mjane, babu yake alikuja na wanajeshi kutoka Sudan, na alikuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza yake iliyoelekea pampu. Aliniona nikipita na gauni lililochanika kwapani.

"Kuja hapa, mtoto," akasema. "Hii nguo iko nalia."

Alinipima, akanishonea kiraka kutoka kitenge cha buluu, na akakataa kupokea shukrani mpaka nimwambie jina langu. "Ayikoru," nikasema. Alilitamka mara tatu mpaka likakaa sawa. Baada ya siku ile nilishinda kwenye baraza yake. Binti yake Rehema, aliyenizidi miaka miwili na aliyekuwa amemaliza darasa la saba, alikaa chini akipinda pindo, na mimi niliokota vipande. Mama Sauda alinirekebisha Kiswahili bila kunicheka, au alicheka kwa namna iliyonifanya na mimi nicheke. Nilipomwambia kwamba ninasoma vitabu vya kutisha, aliniambia nimhadithie. Nikamhadithia kiti. Alisimamisha cherehani.

"Halafu?" akauliza.

"Imekwisha."

"Imekwisha vipi? Na mutoto?" Akamtazama Rehema, akanitazama mimi, akapiga magoti yake kwa viganja akicheka. "Huyu iko fundi kuliko mimi."

Nadhani hakuna sifa niliyowahi kupewa, kabla yake wala baada yake, iliyonipanda kichwani kama ile. Kesho yake nilikwenda pampuni na, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, nikawaambia watoto hadithi ya kiti. Hakuna aliyecheka. Zaituni alikuwa ameinamisha shingo kama anayesikiliza nyuma ya mlango. Maji yalifurika kwenye jerikeni ya mtu na hakuna aliyejali.

Kuanzia hapo nilikuwa na nafasi mbele ya foleni. Kila siku niliwaletea hadithi. Kuzihamisha kutoka Kiingereza mpaka Kiswahili cha Koboko haikuwa kazi ndogo. Theluji niliifanya mvua ya mawe. Kasri nililifanya ghala la tumbaku. Kulikuwa na bwana fulani ambaye kazi yake yote ilikuwa kufungua mlango wa tajiri na kupokea koti. Alinisumbua sana, mwishowe nikamfanya askari wa getini, na nikampa rungu.

Lakini kitabu kina mwisho. Ilipofika Januari nilikuwa nimebakiza hadithi moja tu nzuri, ile ya fundi, na nilikuwa nimeanza kuona macho yao yakizoea. Niliianza jioni moja. Nilikuwa nimefika pale futi inaporefuka, Zaituni akapiga miayo.

"Hiyo ni ya wazungu," akasema. "Hapa haiko."

Wengine wakaanza kugeukia jerikeni zao. Niliona likizo yote ikirudi nyuma, sauti ya puani, kicheko, mimi nikisimama mwisho wa foleni.

"Iko," nikasema. "Iko hapa hapa. Nyinyi hamjaona futi yake?"

Nikaelekeza kidevu upande wa baraza ya Mama Sauda.

Unapaswa kujua kwamba futi ya Mama Sauda ilikuwa kweli si ya kawaida. Ilikuwa imekatika zamani, naye akaiunga na kipande cha futi nyingine kwa uzi mwekundu. Ilikuwa ndefu kuliko za mafundi wengine, na namba zake ziliruka pale katikati. Mimi nilijua habari yake, kwa sababu nilimuuliza na akanieleza. Watoto wengine walikuwa wameiona tu ikining'inia shingoni mwake. Nikawageukia, wote wakawa wanaitazama. Hakuna aliyepiga miayo tena.

Yote hayo yalichukua muda wa kujaza nusu jerikeni.

Wiki ile ndiyo wazazi walianza kuleta watoto kupimwa sare za shule. Ilikuwa ndiyo mavuno ya Mama Sauda, kazi ya wiki tatu iliyowalisha miezi mingi. Siku ya kwanza mtoto mmoja alilia, mama yake akamfinya, akapimwa. Siku ya pili walilia wawili. Siku ya tatu Zaituni alitumwa na mama yake kumleta mdogo wake Majidi, mwenye miaka sita, na Majidi alishika nguzo ya baraza kwa mikono na miguu akipiga kelele kama anayechinjwa. Mama Sauda alimbembeleza kwa kipande cha muwa, akampima haraka, akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale chini, na vipande vyangu vya kitenge mapajani. Nilitazama vipande.

Usiku wa siku hiyo Majidi alipata homa. Ilikuwa malaria, ambayo Koboko haikuwa ngeni, lakini alilazwa hospitali siku nne, na katika siku hizo Zaituni alimweleza mama yake kwa nini mtoto alikuwa ameng'ang'ania nguzo. Hadithi yangu ilitoka kwa watoto ikaingia kwa watu wazima. Huko haikuwa tena hadithi, ilikuwa "wanasema". Wanasema ile futi ilitoka Sudan na babu yake. Wanasema mume wake alipimwa kanzu mwezi aliokufa. Mambo haya sikuyasema mimi. Lakini walikuwa wameyajenga juu ya kiwanja changu.

Majidi alipona, akarudi kucheza na tairi barabarani. Habari ya kupona kwake haikutembea popote.

Shangazi alizileta habari zile wakati wa chakula, akiwa amekasirika, maana alimpenda jirani yake. "Watu hawana aibu," akasema. "Mama wa watu ameshonea mtaa huu miaka yote. Ayikoru, wewe unashinda pale pampuni. Umesikia nani alianza?"

"Sijasikia, Anti," nikasema, na nikaomba nyongeza ya mboga ambayo sikuitaka.

Siku mbili baadaye nilipita mbele ya baraza. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa, saa nne asubuhi, katikati ya wiki za sare. Rehema alikuwa ndani. Mama Sauda alikaa kwenye kiti chake bila kitu mikononi, na sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Aliniita.

"Ayikoru. Watoto iko nasema nini juu yangu?"

Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa ile ile ya kunirekebisha maneno. Aliniuliza akinitazama usoni, taratibu, na baada ya kuuliza hakuongeza kitu.

"Sijui, Mama," nikasema.

Alinitazama kidogo zaidi. Halafu akainuka, akachukua futi yake shingoni. "Haya. Shangazi yako alisema nikushonee sare urudi nayo Arua. Kuja nikupime."

Zaituni na wengine walikuwa pampuni, hatua ishirini kutoka pale. Waliacha kupampu. Nilisikia mkono wa chuma ukitulia. Walinitazama mimi, mimi niliyejua hadithi ilikotoka, niliyeisoma kwa macho yangu katika namba saba, ukurasa kwa ukurasa. Katika mtaa mzima, mimi peke yangu nilijua kwa hakika kwamba futi ile haiwezi kumdhuru mtu. Kama ningenyoosha mikono na kusimama wima kwa dakika moja, wangeona. Labda yangekwisha siku ile.

Nilirudi nyuma. Hatua moja, halafu nyingine. Sikuogopa futi, ninakuapia. Niliogopa kuonekana mwongo.

Mama Sauda alibaki ameshika futi kwa mikono miwili, imenyooka mbele yake. Aliangalia pampuni, akaniangalia mimi, akaikunja polepole mpaka ikawa duara dogo, akaingia ndani. Nyuma yangu nikasikia Zaituni akisema, kwa sauti ya mtu aliyethibitishiwa, "Mumeona?"

Nilirudi Arua Jumapili iliyofuata, sare yangu ikashonwa na fundi mwingine. Shangazi aliandika baadaye kwamba jirani amehama. Nilisoma barua ile kwa sauti mbele ya baba na mama bila kutetemeka, na nikajisifu moyoni kwa kutotetemeka.

Miaka ilipita. Nikasoma, nikawa mwalimu. Miaka tisa iliyopita, msibani, shangazi alinitajia bila kuulizwa kwamba Mama Sauda yuko Omugo, anaishi na binti yake, wanashona. Nimepita Omugo mara mbili tangu hapo, kwa semina za walimu. Mara zote mbili nilikunywa soda ndani ya gari na sikushuka.

Lakini baada ya siku ile ya sokoni sikulala vizuri, na Jumamosi nikaenda. Haikuwa vigumu. Niliuliza mafundi wanawake, nikaonyeshwa chumba cha mabati pembeni ya barabara, mlango wazi, na sauti ya cherehani ndani. Rehema ndiye aliyekuwa anashona. Alikuwa na mvi mbele. Mama Sauda alikaa mlangoni kwenye mkeka, amekuwa mdogo, macho yake yameingia ukungu, anachambua maharage kwa vidole.

Nilimsalimia, nikapiga magoti. Nikataja jina langu. Vidole vikasimama.

"Ayikoru," akasema, na alilitamka sawasawa.

Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani. Yaliyotoka ni machache. "Mama, ile hadithi ya futi ilianza kwangu. Ni mimi."

Cherehani ilinyamaza ndani.

"Mi nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua lini. Aliliona swali lile la ajabu. "Nani mwingine pale Koboko alikuwa nasoma kitabu? Wewe ulinipa kile kiti, ulinipa barua, ulisema iko mengine. Niliposikia ile ya futi, nikasema ndani ya moyo yangu, hii iko ya mutoto yangu wa Arua." Akaokota kijiwe katika maharage, akakitupa. "Nilikuuliza. Nikangoja. Nikasema labda anaogopa kusema kwa mdomo, nikuite upimwe, useme kwa mwili. Nikangoja tena."

Akasema amesamehe zamani, kwa kuwa nilikuwa mtoto, na kwa kuwa yeye ni mzee na hana mahali pa kuweka mzigo. Alisema hivyo bila tabasamu, kama mtu anayemaliza kazi. Akamwambia Rehema atuletee chai.

Rehema alileta. Aliniwekea kikombe mbele yangu, akasimama, mikono kiunoni, akitazama sare ya walimu wa shule yetu niliyoivaa bila kufikiri.

"Mwaka ule mimi nilikuwa niende sekondari," akasema. "Jina lilitoka. Ada ilingoja tu pesa ya zile sare za wiki tatu." Halafu akauliza, si kwa ubaya, kama mtu anayetaka kujua tu: "Na wewe, ulisoma mpaka wapi?"

"Chuo cha ualimu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye cherehani yake. Nilikunywa chai yote, kwa sababu kuiacha ingekuwa kosa jingine.

Nikiwa mtoto nilidhani aibu ni kugunduliwa. Ndiyo maana nilinyamaza mbele ya shangazi, nikarudi nyuma mbele ya pampu, nikasoma barua bila kutetemeka, nikapita Omugo mara mbili nikinywa soda. Miaka yote hiyo nililinda siri yangu kama yai. Kumbe nilikuwa nimegunduliwa tangu siku ya kwanza, na aliyenigundua alikuwa amekaa kwenye kiti chake asubuhi ile, mikono mitupu, akiningoja niseme.